Kiwango himilivu cha kutoa

Anayepanga kustaafu mapema atakutana kwanza na istilahi iitwayo kwa Kiingereza "safe withdrawal rate". Ni sehemu ya mtaji ambayo mstaafu anaweza kuitoa kila mwaka kwa matumizi yake bila fedha kumwishia angali hai. Mwaka 1994 William Bengen, mshauri wa fedha wa California aliyesomea uhandisi wa anga, alichukua takwimu za masoko ya Marekani tangu 1926 akauliza: mtu aliyeweka akiba yake nusu kwenye hisa na nusu kwenye hatifungani za serikali angeweza kutoa kiasi gani isimwishie ndani ya miaka 30? Hata waliostaafu katika kipindi kibaya kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1960, walivuka wakianza na asilimia 4.

Wengi huteleza hapo. Asilimia 4 hupigwa mara moja tu, mwaka wa kwanza. Mwenye shilingi milioni 240 hutoa milioni 9.6. Mwaka unaofuata hapigi tena asilimia ya kilichobaki. Huchukua ile milioni 9.6 na kuiongezea mfumuko wa bei. Mfumuko ukiwa asilimia 5, atatoa milioni 10.08, soko liwe limepanda au limeshuka.

Ukiigeuza hesabu hiyo unapata lengo la akiba: matumizi ya mwaka mara 25. Nguvu ya kuishi kwa kiasi inaonekana hapa. Familia inayotumia laki nane kwa mwezi inahitaji hizo milioni 240. Ikishuka hadi laki sita, inahitaji milioni 180. Laki mbili za mwezi zimeifutia milioni 60 za kutafuta, na laki mbili zenyewe sasa zinaingia kwenye akiba. Nyongeza ya mshahara haifanyi kazi hizo mbili kwa pamoja.

Tuiiteje basi istilahi hiyo kwa Kiswahili? "Kiwango" hakina ubishi, tunacho katika kiwango cha riba. "Kuchota" kunavutia, ila magazeti yameshalifanya neno la wanaoiba fedha za umma. "Kutoa" analijua kila aendaye kwa wakala wa simu. Linalonisumbua ni "salama" kwa "safe", kwa sababu linaahidi kisichoahidiwa. Bengen alipima historia ya nchi moja kwa miaka 30. Anayestaafu na miaka 45 huenda akaishi mingine 45, ndiyo maana wenye tahadhari hushuka hadi asilimia 3.5 au 3. Nasi hatuna historia ndefu ya kupimia: Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998.

Kwa hiyo nasema "himilivu". Neno hili tunalisikia bungeni Dodoma linapotajwa deni la taifa: ni himilivu, maana yake linabebeka kwa hali iliyopo, na litapimwa tena. Kiwango cha kutoa nacho kiko hivyo hivyo.

Tofauti hii ya "salama" na "himilivu" ina uzito kwa wenye hatifungani za serikali. Chukua milioni 240 kwa miaka 25, riba asilimia 12. Kila mwaka zinaingia milioni 28.8, na mtu anaweza kuzila zote akiamini mtaji hajaugusa. Siku ya mwisho atarudishiwa milioni 240 zile zile. Lakini kwa mfumuko wa asilimia 5, zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 71 hivi. Riba hiyo yote ilikuwa halali yake, himilivu haikuwa. Mwenye hatifungani, kabla hujapanga matumizi, tenga kwanza sehemu ya riba inayolingana na mfumuko wa bei uirudishe kwenye mtaji. Kinachobaki ndicho cha kutoa.