Mwitiko wa Msongo wa Mwili

Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hana mawazo. Haoni hofu, wala hasikii kifua kikipasuliwa. Hata hivyo ni katika saa hizo ambapo mwili wake hupitia kile ambacho watu wa tiba hukiita stresi, tena kwa ukali mkubwa. Ukikifasiri kwa "msongo wa mawazo", kama ilivyozoeleka magazetini, umemweleza msomaji jambo lisilokuwepo.

Dhana yenyewe haikuanzia kwenye mawazo. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kuhusu panya waliotiwa baridi, majeraha na sumu. Madhila yalitofautiana, lakini miili iliitika kwa namna moja. Miongoni mwa mengine, tezi adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zilivimba.

Napendekeza basi tuseme mwitiko wa msongo wa mwili. "Mkazo" una kazi yake tayari kwenye silabi na misuli. "Mshtuko" madaktari wanauhitaji kwa hali ya damu kushindwa kulisha viungo. "Msongo", ambao ndani yake mna kusonga na kusongwa, unafaa kabisa ukishatenganishwa na mawazo.

Istilahi hii hupata maana yake yote katika upasuaji mkubwa wa moyo, kama ule wa kubadilisha vali unaofanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Moyo husimamishwa, na kazi yake huchukuliwa na mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Kabla ya kuunganishwa na mgonjwa, mirija ya mashine hujazwa maji ya dripu, kwa mtu mzima kama lita 1 hadi 2, nayo huchanganyika na damu yake. Maji yameongezeka, damu imekuwa nyepesi.

Mwili lakini hausomi hivyo. Kwenye kuta za vyumba vya juu vya moyo kuna vipokezi vinavyohisi jinsi vyumba hivyo vilivyojaa. Moyo ukishatolewa damu, vipokezi hulegea, na ubongo hupata habari moja tu: damu imepungua. Tezi pituitari humwaga vasopresini, inayozifanya figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyapitisha yawe mkojo. Figo nazo, zikifikiwa na damu isiyo na mapigo, hutoa renini, na mwisho wa mnyororo huo adrenali hutoa aldosteroni, inayozuia chumvi isitoke. Kotisoli na adrenalini hupanda. Mwili unajikusanyia maji kana kwamba unavuja damu, ilhali maji yamezidi. Mwitiko huohuo ndio unaomwokoa aliyejeruhiwa barabarani. Hapa umeitwa na hali ambayo maumbile hayakuitarajia.

Juu ya hayo, damu ikigusa plastiki ya mirija, kinga ya mwili huamka na kapilari huanza kuvuja. Maji hutoka kwenye mishipa, yakatuama kwenye nyama. Ndugu wakimkuta mgonjwa amevimba uso na mikono katika chumba cha wagonjwa mahututi, huuliza kama figo zimekufa. Wanastahili jibu lenye maneno sahihi.

Ndiyo maana hunisumbua pia tafsiri ya jina la pili la vasopresini: "homoni ya kuzuia mkojo". Kwa watu wetu, mkojo uliozuiwa ni ule uliojaa kibofuni ukakosa njia, kama kwa mzee mwenye tezi dume iliyokua. Vasopresini haigusi mlango wa kibofu. Kazi yake iko figoni, kabla maji hayajawa mkojo. Tuiite homoni ya kuhifadhi maji, na ndugu ataelewa uvimbe alioukuta.

Maji hayo hutolewa siku zinazofuata, mara nyingi kwa furosemidi, dawa ya kukojosha. Lakini dawa hiyo, sawa na aldosteroni, huondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Kwa hiyo damu ya mgonjwa hupimwa tena na tena, hata mkojo unapotoka vizuri.