Gishora: Ngoma Zilizobaki Baada ya Ufalme

Kilomita chache kutoka mjini Gitega, nchini Burundi, kipo kilima cha Gishora, na juu yake nyumba za nyasi za ikulu ya kale. Wazee husimulia kuwa mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo aliijenga baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Ni Mwezi huyohuyo aliyepambana na Wajerumani hadi mwaka 1903, alipolazimika kukubali mkataba wa Kiganda na kuutambua utawala wao.

Gishora ilikabidhiwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, nazo zilitunzwa kwa heshima kama watu wa ikulu. Iliyozipita zote kwa utukufu ni Karyenda, ngoma iliyobeba ufalme wenyewe. Ilitolewa mbele ya watu kwa nadra, hasa kwenye Umuganuro, sherehe ya mtama, mwami alipobariki mbegu ili nchi yote ianze kupanda.

Ngoma huanzia kwenye gogo la umuvugangoma. Fundi hulichimba ndani, huwamba ngozi ya ng'ombe mdomoni, kisha huikaza kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka. Wapigaji hujipanga nusu duara: ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na zile za ibishikizo hufuata amri ya inkiranya, ngoma ya katikati.

Wakati wa ukoloni Umuganuro ulizimwa. Tarehe 28 Novemba 1966 waziri mkuu Michel Micombero akaufuta ufalme. Enzi ikaondoka, mdundo ukabaki, kwa sababu koo za wapigaji wa Gishora hazikuacha kuwarithisha watoto wao. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Urithi huu wa kupiga kwa pamoja unawahusu sana vijana wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura. Mtaa wao uliharibiwa vibaya na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990. Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa mwaka 1991, kiliwakutanisha vijana wa Kihutu na wa Kitutsi katika michezo na masomo, na mwaka 2002 kikatunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Kwa moyo huohuo, shule na vituo vya Bujumbura viwapeleke vijana Gishora, wakae na wapigaji na wajifunze kwao. Kuezeka upya nyumba za ikulu ni kazi njema, lakini ngoma hulindwa na yule anayejua kuipiga na aliye tayari kumfundisha mwenzake.