Kitabu Kinapotafuta Mwenyeji: Maktaba na Watoto wa Karagwe na Kyerwa

Novemba 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia ufalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, wakapokelewa na Omukama (mfalme) Rumanyika. Januari iliyofuata Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki na kuuguzwa kwa miezi kadhaa chini ya ulinzi wa mwenyeji wake. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu cha safari yake, na jina la Karagwe likasomwa Ulaya kabla ya mtoto wa Bweranyange, makao ya mfalme huyo, kushika kitabu chochote kinachomhusu.

Si kwamba maandishi yalikuwa mageni kabisa. Kafuro, karibu na makao ya mfalme, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Lakini hazina ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, ilikaa vichwani mwa watu: nasaba za koo, hadithi za jioni, na tenzi zilizoimbwa kwa kinanda cha enanga. Mtoto aliipata bure, akiota moto jikoni kwa bibi.

Kitabu cha kuazima kilikuja baadaye sana, tena ndani ya sanduku. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948, lilisambaza Tanganyika masanduku ya vitabu yaliyopokewa na vituo mbalimbali, na likaazimisha vitabu kwa njia ya posta. Sheria ya mwaka 1963 iliunda chombo cha taifa cha huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Huduma hiyo ilisogea mikoani, na mkoa wa Kagera, ilipo Karagwe, ukapata maktaba yake Bukoba. Kwa mtoto wa Kayanga, mjini Karagwe, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 100.

Iliyokaribia zaidi vilima vya Karagwe ni maktaba ya kijiji. Kuanzia 1968, kwa msaada wa UNESCO, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza. Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati huo, ilikuwamo. Mantiki ilikuwa wazi: mtu mzima aliyejifunza kusoma, kisha akakosa cha kusoma, husahau. Kwa hiyo kijiji kilitoa chumba na mtunzaji, vitabu vikaletwa. Nchini kote zilifunguliwa maktaba za vijiji kwa maelfu, na vijana waliomaliza darasa la saba walikuwa miongoni mwa waliowafundisha wazee wao herufi.

Rafu hizo, hata hivyo, zilipangwa kwa ajili ya watu wazima: kilimo bora, afya, siasa. Mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa, madarasa yalijaa, na watoto wakagombea vitabu vya kiada. Kitabu cha hadithi, kinachosomwa kwa raha tu, kilikuwa adimu. Ndiyo maana kuanzishwa kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991 kulikuwa tukio kubwa: mradi huo uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa mashuleni.

Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka huo ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila wilaya. Barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, imerahisisha kufikisha mizigo. Maboksi ya vitabu sasa yanaweza kupanda mlima kwa siku moja. Swali ni nani atayapokea.

Historia hii inanifundisha kwamba kitabu ni mgeni, na mgeni hukaa pale anapopata mwenyeji. Kilichofungiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu, hakijapokelewa. Mwenyeji ni mkutubi anayefungua mlango saa za jioni shule zinapotoka, anayetandika mkeka, anayesoma kwa sauti na kusimama penye fundo la hadithi ili watoto wabashiri. Ni yule anayemruhusu mtoto kuondoka na kitabu, hata kikirudi na alama ya vidole vyenye udongo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji naye ana chake cha kutoa. Mwaka 2002 Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Runyambo, lugha ya Wanyambo, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Nafasi ya kitabu hicho ni kwenye rafu ya watoto, pembeni ya kalamu na madaftari matupu. Mtoto wa Murongo, Kyerwa, aende na daftari nyumbani, aandike hadithi moja ya bibi yake kwa maneno ya bibi mwenyewe, alirudishe. Mkutubi alibandike namba, aliweke rafuni, na mtoto mwingine aje aliazime.