Agnes Pockels na Siri ya Utando wa Maziwa

Maziwa ya pakiti hayatengi malai juu kama yale yaliyokamuliwa asubuhi na kuachwa kwenye sufuria. Kiwandani husukumwa kwa nguvu katika tundu jembamba, vitone vya mafuta vikapasuka vipande vidogo mno. Mashine ya kazi hiyo Mfaransa Auguste Gaulin aliisajili mwaka 1899. Lakini kupasua peke yake hakutoshi, maana vitone vilivyo uchi vingerudi kushikamana. Kinachovizuia ni protini, hasa kasini, ambazo huvivamia na kuvivika utando mpya papo hapo.

Mwaka 1840 Mjerumani Ascherson alikwisha kuona mafuta yakijifunika ngozi nyembamba yanapokutana na ute wa yai, akahisi kwamba vitone vya maziwa navyo vina vazi kama hilo. Hakuwa na namna ya kulipima.

Njia ya kupima ilitoka jikoni, mjini Braunschweig, Ujerumani. Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862, aliipenda fizikia, lakini vyuo vikuu vya huko havikupokea wanawake. Akabaki nyumbani kuwauguza wazazi, akisoma vitabu vya mdogo wake Friedrich. Kwa kuangalia grisi ikitanda juu ya maji, akaunda chombo chake: beseni la bati lililojaa maji, ukanda wa bati wa kuusukuma utando hadi ubanane, na mizani yenye kitufe cha kupimia nguvu ya uso wa maji. Januari 1891 alimwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye, kwa uungwana unaostahili sifa, akahakikisha barua hiyo inachapishwa katika jarida la *Nature* mwezi Machi.

Mmarekani Irving Langmuir aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1917 alionyesha kwamba molekuli za asidi za mafuta husimama wima juu ya maji, kichwa majini na mkia hewani, kila moja ikichukua takriban nanomita za mraba 0.2, mkia uwe mrefu au mfupi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Kwa beseni la aina hiyohiyo watafiti wa maziwa wameona jinsi protini inavyoingia katika utando wa asidi za mafuta. Utando ukiwa umelegea, kasini hujikunjua na kupenyeza sehemu zake zinazoogopa maji katikati ya mikia. Ukibanwa sana, protini husukumwa nje. Uasidi wa maji nao una kauli, kwa kuwa hubadili chaji ya vichwa vya asidi na ya protini yenyewe.

Pockels alitunukiwa udaktari wa heshima mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 70, akafariki mwaka 1935. Beseni lake mara nyingi huitwa kwa jina la Langmuir peke yake. Hiyo si haki. Walimu wa kemia, mnapomtaja Langmuir darasani, mtajeni na Agnes Pockels, tena mwanzeni naye.