Marubani wa maji: vile ndege za kwanza zilifika kwenye ziwa letu, na vile zilikuwa zinaanguka

Ukisimama Kalundu, pale bandarini Uvira, mwezi wa sita ao wa saba, utaona kitu ambacho kila mvuvi anakijua. Upepo wa kiangazi unatoka kusini, ziwa linachafuka, na mitumbwi mingi inabaki imevutwa kwenye mchanga. Sasa fikiria mtu anakuambia uweke ndege ya mbao na kitambaa juu ya maji yale, uwashe motere, uruke mpaka ng'ambo, utupe bomu, kisha urudi na kutua tena juu ya maji. Mwaka 1916, marubani wa Kibelgiji walipewa kazi hiyo.

Wengi wetu tunajua kidogo juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa hili, zaidi habari ya boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou. Ndege zinasahaulika. Wale marubani ni ndugu wa hawa tunaowaona kwenye filamu, wanaotua na ndege za moto juu ya manoari kubwa katikati ya bahari. Tofauti ni kwamba wakati ule hakukuwa na manoari yenye kiwanja juu yake. Ndege ilikuwa na maboya chini mahali pa magurudumu. Iliteremshwa majini kwa winchi, ikijaribu kuruka. Ikishindwa, ilivutwa na kamba kama mtumbwi uliotoboka. Na mara nyingi ilishindwa.

Tuanze na sababu. Tarehe 15 Agosti 1914, Wajerumani walipiga mizinga kwenye mwambao wetu, mahali ambapo vitabu vya Wabelgiji vinaita Mokolobu. Walizamisha mitumbwi 15 na kukata waya wa simu. Siku saba nyuma yake, meli yao Hedwig von Wissmann ilienda Lukuga, kule Kalemie ya leo, ikaharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Tangu hapo ziwa lote lilikuwa la Wajerumani. Mwaka 1915 waliongeza Graf von Götzen, meli ya urefu wa mita 70 hivi, iliyoletwa kwa vipande kutoka Papenburg na kuunganishwa Kigoma. Iliwekewa mzinga wa milimita 105.

Ule mzinga ulitoka mbali, na hapo njo vichekesho vinaanza.

Ulikuwa mzinga wa manoari Königsberg, iliyojificha kwenye matawi ya mto Rufiji, pwani ya Tanzania, tangu mwezi wa Septemba 1914. Waingereza walijua iko mle ndani lakini kutoka baharini walikuwa wanaona mikoko tu. Walihitaji jicho la juu. Wakamkuta kule Durban rubani wa kiraia, Dennis Cutler, pamoja na ndege ya maji aina ya Curtiss iliyokuwa ya kufurahisha watu. Ndege ikapakiwa kwenye meli Kinfauns Castle. Cutler aliruka mara ya kwanza bila dira. Mawingu yakamchanganya, akapotea, akatua karibu na kisiwa kisicho na watu, na wenzake wakazunguka baharini kumtafuta. Walimpata mzima. Radiyatere ya ndege ilikuwa imeharibika. Walitengeneza namna gani? Walitafuta motokari ya Ford kule Mombasa, wakachukua radiyatere yake, wakaifunga kwenye ndege. Fundi yeyote wa motere hapa kwetu ataelewa hiyo akili bila kuelezwa.

Na ndege iliruka. Cutler aliiona Königsberg, akarudi na habari. Lakini tarehe 10 Desemba 1914 alianguka ndani ya mto, Wajerumani wakamkamata. Waingereza waliingia na boti ndogo chini ya risasi, wakafunga kamba kwenye ndege, wakaivuta mpaka nje. Kwa hiyo ndege iliokolewa, rubani akabaki mfungwa.

Zilizofuata zilikuwa Sopwith mbili zilizotoka Uingereza, na hizo zilionyesha wazi kwamba adui wa kwanza ni jua. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto. Panga za mbele zilianza kuachana. Hewa ya moto ni nyepesi, haibebi bawa vizuri, na motere ya wakati ule ilikuwa na nguvu kidogo. Kwa hiyo ukipakia mtu wa pili, esansi na mabomu, ndege ilikimbia tu juu ya maji kama bata mwenye kushiba. Ilibidi kuteremsha mizigo. Siku nyingine ilibidi kumteremsha mtu.

Kisa kikubwa cha Rufiji ni cha tarehe 11 Julai 1915. Rubani John Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu, wakiangalia mahali makombora ya Waingereza yanaangukia na kutuma habari kwa redio, kwa alama za Morse: mbele kidogo, kushoto kidogo. Ndege yao haikuwa tena ya maboya. Ilikuwa Farman ya magurudumu, iliyoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Risasi za Wajerumani zikapiga motere, ikazimika. Ndege ikaanza kushuka polepole. Arnold hakuacha kazi. Aliendelea kupiga alama akielekeza mizinga, huku ndege inashuka, na palepale akawaambia wenzake kwamba wamepigwa, watume boti. Walipofika majini ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki chini ya maji, amefungwa na mkanda wake mwenyewe ambao alisahau kuufungua. Alijipapatua mpaka akatoka, na boti ikawachukua wote wawili. Siku hiyohiyo Königsberg ilikuwa mwisho wake. Marubani wanapenda kucheka juu ya ule mkanda. Kwa mtu aliyewahi kupinduka na mtumbwi akiwa amejifunga wavu mguuni, si cha kucheka sana.

Wajerumani hawakuacha mizinga ya meli ichukuliwe na maji. Waliitoa, wakaivuta nchi kavu, na mmoja njo ule uliopanda reli mpaka Kigoma na kukaa juu ya Götzen. Wabelgiji, waliokuwa ng'ambo ya huku, waliuogopa kwa haki.

Wakaomba ndege, na Waingereza wakawapa nne, aina ya Short, za maboya. Zilikuja kwa meli mpaka Matadi, kisha reli, kisha mto, kisha reli tena, zikiwa ndani ya masanduku. Vitabu vinataja majina ya marubani: Behaeghe, Orta, Castiau, na wengine. Majina ya wapagazi na vibarua waliobeba masanduku yale na kukata miti ya kambi, hayatajwi. Mimi nimetafuta.

Zilipofika ikaonekana kitu ambacho wavuvi wangewaambia bure: ziwa hili si mahali pa kuwekea ndege. Mawimbi yangevunja maboya. Basi wakahamia ziwa dogo la pembeni linaloitwa Tongwe, lenye maji ya kutulia, wakaruka kutokea pale. Ila kutulia kwa Tongwe hakukuondoa hatari. Kutoka pale mpaka Kigoma ni safari ndefu juu ya maji matupu, na motere ikizimika katikati, unatua kwenye yaleyale mawimbi uliyoyakimbia. Na ng'ambo ni kwa adui.

Katikati ya mwaka 1916, Aimé Behaeghe pamoja na mwenzake Collignon walifika juu ya Kigoma na kutupa mabomu karibu na Götzen. Walirudi salama, na upande wa Wabelgiji ilikuwa furaha kubwa. Kumbe meli haikuumia kwa maana. Na kumbe tena, mzinga ule mkubwa ulikuwa umeshatolewa na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu. Mahali pake Wajerumani waliweka mti uliochongwa ufanane na mzinga. Watu walihatarisha maisha juu ya ziwa kwa ajili ya mti uliopakwa rangi! Hata ngome ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, iliyowafanya Waingereza wasogee kwa woga, ilikutwa na mizinga ya mbao.

Behaeghe hakuuawa na Wajerumani wala na ziwa. Ugonjwa ulimchukua kule Niemba, mwezi wa Desemba 1916. Alikuwa na miaka 26.

Götzen nayo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, kabla ya kuacha Kigoma. Lakini mafundi wao walikuwa wameipaka motere mafuta mazito ili isile kutu, wakitumaini kurudi. Wao hawakurudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya: Liemba.

Ndiyo, ni ileile. Wazee wa Uvira wanaijua vizuri kuliko vitabu. Mwaka 1997, nyuma ya vita vilivyomwondoa Mobutu, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia kurudisha watu wetu kutoka Tanzania: safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ndani ya miezi 5. Kuna watu wanaosoma ukurasa huu waliotelemka Kalundu wakiwa watoto mgongoni mwa mama zao, kutoka kwenye meli ambayo Behaeghe alifikiri ameivunja.