Hukumu Masikioni pa Msikilizaji: Kipindi cha Record Review cha BBC na Mamlaka ya Mhakiki

Makala haya yanadai kwamba Record Review, kipindi cha BBC cha kuhakiki santuri za muziki wa klasiki kilichoanza kusikika kila wiki mwaka 1957, kimedumu kwa sababu ya mbinu yake ya uhakiki.

Mbinu hiyo ina chimbuko la kiteknolojia. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika nne hadi tano kila upande, hivyo simfonia moja ilihitaji santuri kadhaa. Santuri ndefu, iliyozinduliwa na kampuni ya Columbia nchini Marekani mwaka 1948, ilibeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Matoleo ya tungo zilezile yakaongezeka, na msikilizaji mwenye uwezo wa kununua moja tu akakabiliwa na swali: achague lipi?

Kipindi hiki, kilichoongozwa na John Lade katika miongo yake ya mwanzo, kililijibu swali hilo hewani. Katika sehemu yake mashuhuri, Building a Library, mhakiki huteua utunzi mmoja, huvichezesha vipande vya rekodi mbalimbali, kisha hupendekeza toleo moja. Msomaji wa gazeti hana budi kumwamini mhakiki. Msikilizaji wa redio hupewa ushahidi pamoja na hukumu, naye aweza kuikataa. Aidha, kwa kuwa BBC nchini Uingereza hugharimiwa kwa ada ya leseni, si kwa matangazo ya biashara, mhakiki hakulazimika kumridhisha muuzaji.

Mwaka 1998 kipindi kiliitwa CD Review. Mwaka 2015 kikarejea jina lake la awali. Vyombo vya kuhifadhia sauti vilibadilika, ulinganishi ukabaki.

Hata hivyo, mhakiki hulinganisha kilichorekodiwa tu. Utunzi ambao kampuni hazikuona faida yake haukufika mbele ya mizani, na kimya hicho huweza kudhaniwa kuwa hukumu. Funzo kwa watunga sera ni kwamba uhuru wa kifedha humlinda mhakiki, lakini haupanui hazina anayoihakiki. Shirika la utangazaji la umma linalotaka uhakiki wa haki halina budi pia kurekodi na kuhifadhi kile ambacho soko limekipuuza.