Betri ya Babu

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani, baada ya kukatika umeme unaotoka Bara. Babu akanunua betri ya gari, ikawa inatuwashia taa nyumbani Mchangani. Ilipokufa, alimwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akinadi uchochoroni. Akasema alhamdulillahi: uchafu umeondoka, pesa imeingia.

Nilipokwenda kusoma sheria ndipo nikajua kwamba uchafu ule hauondoki, huhama. Ndani ya betri mna risasi na tindikali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilianza kuyeyusha betri kuukuu mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi pale, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Sumu ikabaki ardhini.

Nani alipe? Novemba 1896, miezi mitatu haijatimia tangu manowari za Waingereza kulipiga kasri la Sultani hapa Mjini, Baraza la Malodi la London liliamua kesi ya fundi viatu aitwaye Salomon: kampuni ni mtu mbali na mwenyewe, na deni lake si deni la mwenyewe. Mwaka uliofuata utumwa ulifutwa Unguja, na fidia wakapewa waliomiliki watumwa, si watumwa. Sheria ilijua kumlinda mwenye mali kabla ya kumjua aliyeumia.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1980 kumbebesha mwenye kiwanda na mwendeshaji gharama za kusafisha sumu. Lakini mwaka 1998, katika kesi ya Bestfoods, mahakama yao ya juu ilisema kumiliki hisa peke yake hakutoshi. Kampuni mama lazima iwe imetia mkono katika kukiendesha kiwanda, au iwe imeitumia kampuni tanzu kama kificho.

Mombasa, mwaka 2020, mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, mzigo ukigawanywa kati ya taasisi za serikali na kampuni. Mwaka 2023 rufaa ikaitengua hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa miaka kumi.

Babu ameshatangulia mbele ya haki. Juzi mnunuzi mwingine alipita akinadi. Nikamwuliza, "Kaka, betri hizi zinakwenda wapi?"

"Bara," akanijibu, akasukuma mkokoteni wake.